Hatutazikana

Nina mgahawa hapa Tunduma, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mgahawa ni neno la heshima tu; ni mabati manne, mabenchi matatu na mimi. Wanakula kwangu madereva wa Tanga na Moshi, wafanyabiashara wa Kiislamu wanaoleta nguo kutoka Dar, Wazambia wanaoniita "bamayo", yaani mama, Wanyiha, Wandali, Wasafwa, kila mtu na lafudhi yake na njaa ni ileile. Humu ndani sijawahi kuona mtu anamuuliza mwenzake kabila kabla ya kumsogezea pilipili. Lakini wakisikia natoka kule bondeni, upande wa Ivuna, lazima mmoja aulize: "Mama, kule kwenu mmeshapatana na Wasukuma?"

Swali hilo linanikera, nasema kweli. Wanaliuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imekatika. Zamani nilikuwa najibu "ndiyo, yameisha," ili nipakue wali wangu kwa amani. Siku hizi, nikiona mtu ana muda, namwambia akae nimweleze mazishi ya mama yangu. Na sehemu yangu katika habari hiyo si nzuri, hilo nalisema mapema.

Sisi ni Wanamwanga, watu wa mpunga na mtama, kijiji chetu kiko kati ya Msangano na Ivuna. Wasukuma walifika nikiwa msichana, na ng'ombe wengi kuliko sisi sote pale. Familia moja ilijenga ng'ambo ya kijito, mkabala na kwetu: mama mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita zizi zima kwa mara moja, na mwanawe wa kiume. Yule mama tulimwita bibi wa ng'ambo. Mwanawe nitamwita jirani, maana ndivyo alivyokuwa, tupende tusipende.

Mama yangu alikuwa mpika chumvi. Kiangazi kikishakaza, wanawake wa kwetu huenda Ivuna kukwangua udongo wenye chumvi, wakauchuja kwa maji, na maji yale wakayachemsha mpaka yakauke. Mama alikuwa akirudi macho mekundu kwa moshi, mabegani mizigo ya chumvi ya kijivu. Bibi wa ng'ambo alitaka chumvi kwa ajili ya ng'ombe wake. Basi palikuwa na kopo moja la bati, zamani lilikuwa la maziwa ya unga. Lilivuka kijito na chumvi, likarudi na maziwa. Hakuna aliyepima, na sikumbuki hata siku moja kopo lile likirudi tupu. Mama akikaribia boma la mwenzake alikuwa akiita "Mwangaluka!" kwa lafudhi yake ya Kinamwanga, na bibi yule alicheka mpaka akashika kiuno, kwa sababu hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi na mama aliitoa hata jua likizama. Aliambiwa mara mia. Aliendelea vilevile, makusudi, mtani yule.

Halafu ikaja ile siku ya mpunga. Ng'ombe waliingia mashambani mpunga ukiwa umeshatoa masuke, wakala na kukanyaga tangu alfajiri. Wanaume wetu wakaenda na mapanga wakawakata ng'ombe miguu. Hatukuwa malaika sisi. Wale ng'ombe walilia mchana kutwa, na mama alikaa ndani amejiziba masikio kwa kanga. Wasukuma wakaja na fimbo. Katika vurugu ile mdogo wangu wa kiume alipigwa usoni, jicho la kushoto likapotea palepale. Fimbo ilikuwa ya jirani. Hakuna aliyebisha juu ya hilo, na mwenyewe hakukana. Kesi ilifunguliwa, lakini mashahidi wa pande zote mbili walisahau kwa pamoja walichokiona, ikafa.

Nilitoka Tunduma nikamkuta mdogo wangu amefungwa bandeji nusu ya kichwa. Siku ya pili kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mimi mdomo wangu hauna breki hata nikiwa sina hasira, sembuse siku ile. Nilisimama mbele ya watu nikasema: "Hawa tusile nao wala tusizikane nao. Atakayekwenda kumzika Msukuma, na sisi tusimzike." Kisha nikanyosha mkono wa kwanza. Mikono ikanyoka mkutano mzima.

Kwa mtu wa mbali huenda neno hilo likaonekana dogo. Kwetu hakuna zito kuliko hilo. Unaweza kuwa maskini, mlevi, mgomvi, mtu asiye na shamba, lakini ukifa wanaume watakuja na majembe na wanawake watakuja na unga na kuni, bila kuitwa. Kumwambia mtu hatutakuzika ni kumwambia si mtu. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka, mikono mapajani. Hakunyosha. Nilidhani hakusikia vizuri.

Baada ya misimu miwili walikuja wakubwa kutupatanisha. Tulikusanywa shuleni. Ikasomwa karatasi: mipaka ya mashamba, njia ya ng'ombe, mahali pa kunyweshea maji. Mambo ya maana yale, siyadharau, na kwa kiasi yamesaidia. Tukanywa soda. Mwisho wakamwita mdogo wangu na jirani wapeane mikono wapigwe picha. Mdogo wangu alitoa mkono, lakini uso akaugeuza, akampa jirani ule upande usio na jicho. Watu wakapiga makofi. Njiani kurudi nyumbani nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Haya, wamepatana, wao na karatasi yao." Habari ya kuzikana haikutajwa. Hakuna aliyeniuliza juu ya neno langu, nami sikulikumbusha.

Mwaka uliofuata, kiangazi, bibi wa ng'ambo akafa. Watu wake wengi walikuwa wameshahamisha ng'ombe kuelekea ziwani, pale wamebaki mwanawe, mkewe na wawili watatu. Mama yangu alichukua jembe na ungo wa unga, akavuka kijito mchana kweupe, kila mtu anamwona. Alichimba pamoja na wanaume, mwanamke wa umri ule! Habari zilinifikia Tunduma kabla hata hajarudi nyumbani. Nikampigia simu.

"Mama, umekwenda kumzikia mama yake yule aliyemtoa mwanao jicho?"

"Mimi sikwenda kwa mwanawe," akasema. "Nimekwenda kumzika mwenzangu."

"Na mdogo wangu umemfikiria?"

"Nilimzaa mimi, simfikirii? Wewe umemaliza kupiga kelele?"

Nilikuwa sijamaliza. Nilisema maneno siku ile ambayo mtu hamwambii mama yake. Nilimwambia kama anawapenda sana akahamie kwao. Yeye akaniuliza kama chapati zinauzika, akakata simu. Ndivyo alivyokuwa akinifukuza nikiwa nimezidi.

Kijiji kikamtenga. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa ukoo wetu, na shamba lake limepakana na kiwanja chetu kwa nyuma. Alimwita mama akamtaka aombe radhi mkutanoni, ili yaishe. Mama akamjibu, "Niombe radhi kwa kumfunika mtu udongo? Shemeji, nenda kalime." Basi ikawa hivyo. Akifika kisimani mazungumzo yanakatika. Kwenye harusi hapewi mwaliko, kwenye msiba harudishiwi salamu. Mdogo wangu aliishi naye nyumba moja katika kimya hicho, na sijui walizungumza nini wawili wale, maana hakuwahi kuniambia. Kopo la chumvi mama alilifunika akaliweka juu ya kabati la vyombo.

Alikufa masika, asubuhi, akiwa anachagua mchele. Mdogo wangu alinipigia nikiwa nakaanga maandazi. Alisema, "Dada, mama amelala hataki kuamka," akiwa na miaka thelathini na ushee, kama mtoto. Nilizima moto, nikaacha unga kwenye beseni. Dereva mmoja wa Tanga, mteja wangu wa siku nyingi, alinisindikiza kuchagua jeneza, akanitafutia gari dogo la mizigo linaloweza tope. Aliniambia, "Usijali, ukifika utakuta watu wameshamaliza kila kitu." Nikamwitikia. Moyoni nilijua.

Tulipita Msangano, tukakwama mara mbili, tukafika jua limeinama. Jamani. Mtu akifa kwetu unajua kwa kuona uwanja: wanaume kwenye magogo, moto, masufuria ya kuazima, kanga za wanawake mpaka mlangoni. Uwanja wa mama yangu ulikuwa umefagiwa, na kuku wawili. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini peke yake. Ndani, pembeni ya mama, alikaa mwanamke mmoja tu, mke wa jirani, amejitanda, miguu yake ina tope la kijito. Alikuwa ameshamwosha mama yangu na kumvalisha. Alisimama kunipisha nikae yeye alipokuwa amekaa. Nikakaa, bila hata kumwambia asante.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Nilimkuta amekaa nje, amevaa koti lake la kanisani, wala hakuna ibada. Nikapiga magoti.

"Baba, nakuomba. Mama yangu yuko ndani."

"Najua," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemlilia tangu asubuhi. Lakini neno lilisemwa mkutanoni, na halijafutwa mkutanoni. Nikilivunja mimi, ukoo huu utaongozwa na nani?"

"Baba, lile neno ni langu mimi!"

"Ndiyo, mwanangu. Ni lako. Nakulindia."

Hakusema kwa ubaya. Nilirudi nyumbani. Nimezoea kugombana na watu, najua la kumjibu mgambo, dalali, dereva mlevi. Siku ile niliyekuwa nagombana naye ni mimi mwenyewe wa miaka ile, na sikumpata pa kumshika. Nilijiambia ukweli: mama yangu atalala juu ya ardhi kwa sababu ya mdomo wangu.

Asubuhi mwinjilisti alifika kutoka kijiji cha pili, maana kanisa haliingii kwenye kutengana. Lakini ni mzee, na alikuja na Biblia tu. Mdogo wangu alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya ukoo. Mama alitaka kulala ubavuni mwa baba; hilo alilisema maisha yake yote. Tatizo ni kwamba baba alikufa mdogo wangu hajaanza kutembea, nami nikiwa bado mtoto. Mafuriko yalisawazisha tuta, mchwa wakala msalaba. Mama ndiye aliyekuwa akipapalilia pale kila mwaka, na alipoanza kuumwa majani yakafunika kila kitu. Mdogo wangu alizunguka, akaangalia, akazunguka tena.

Ndipo jirani akatokea na mkewe na wanaume watano wa kwao, majembe begani. Walisimama nje ya ua hawakuingia.

"Ndugu yangu," jirani akamwambia mdogo wangu, "nimekuja kuchimba. Ukinifukuza nitarudi nyumbani, halafu nitakuja tena."

Mdogo wangu alilikamata jembe. Desturi yetu ni kwamba mtu wa ukoo ndiye apige ardhi kwanza, kisha ampe mchimbaji jembe mkononi. Alipiga ardhi mara tatu. Akamtazama yule bwana kwa jicho lake moja. Kisha akaliweka jembe chini, akaondoka akasimama kando, ametugeuzia mgongo. Jirani alingoja kidogo, akainama, akaliokota.

Walichimba kwa bidii, Wasukuma wale, wanapokezana, ardhi ya masika ni laini. Mimi nilikuwa nimesimama na mke wa jirani. Nilikuwa na shukrani na nilikuwa na chuki, vyote viwili, kifua hicho hicho. Kila jembe lilipopanda niliona fimbo. Sikutaka kuiona lakini niliiona.

Shimo lilikuwa limefika magotini tuliposikia ukelele kutoka kwenye mtama.

"Ebo! Acheni! Acheni hapo! Mnamfukua kaka yangu!"

Alikuwa baba mdogo. Kumbe alikuwa amesimama ndani ya shamba lake muda wote, amejificha kwenye mtama, anatazama. Alikuja mbio, mzee yule, koti la kanisani linapepea, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Wachimbaji wote waliganda. Jirani alitoka shimoni kwa kuruka, akaliangusha jembe kama limemchoma.

"Kaka yangu yuko hapo!" baba mdogo alisema, anahema. "Kichwa kiko huku, miguu huku. Mnakata miguu ya mtu! Hakuna aliyewaambia?"

Nani awaambie? Waliojua walikuwa wamekaa majumbani kwao wanalinda neno langu. Waliokuja hawakujua. Mwanawe mwenyewe hakujua. Tulimtazama baba mdogo wote, na nadhani swali lake lilimrudia mwenyewe, kwa sababu alifunga mdomo, akasimama pale na kiatu kimoja, akaanza kulia kwa sauti. Jirani alikuwa amevua kofia. "Mzee, tusamehe," alikuwa akisema, "tusamehe, hatukujua, tusamehe."

Baba mdogo alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alirudishia udongo ule kwa mikono yake, taratibu, akaugongagonga kwa kiganja. Kisha akahesabu hatua nne kuelekea kijitoni. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo alipopachagua mama yenu mwenyewe. Tulikuja naye tukapima." Akaokota jembe, akapiga ardhi mara tatu. Ilipofika kumpa mtu jembe alitazama huku na huku. Vijana wa kwetu walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ua, wameona mkubwa wao amevuka, lakini bado wako upande ule. Aliyekuwa karibu ni jirani. Baba mdogo akampa jembe mkononi.

Baada ya hapo sikuweza tena kufuatilia nani ni nani. Vijana waliingia, wanawake wakaja na kuni na unga, mmoja akaniambia "pole" na kunikumbatia bila kunitazama usoni. Tulimzika mama kabla ya mvua ya mchana. Baadaye nilishika jagi na beseni kuwanawisha wachimbaji, na jirani alikuja wa mwisho. Alinyosha mikono yake, mikubwa, ina tope hadi kwenye viwiko. Mikono ileile. Nikammiminia maji. "Pole na kazi, kaka," nikamwambia. "Pole na msiba, dada," akanijibu. 

Wiki ya pili uliitishwa mkutano. Nilisimama palepale niliposimama zamani, nikasema neno lile lilikuwa langu na nalirudisha. Baba mdogo akaniuliza sababu, kwa utaratibu wa mkutano. Nikasema, "Kwa sababu nilimwacha mama yangu bila wa kumzika, na baba tulikaribia kumfukua." Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Nikanyosha mkono wa kwanza, na mikono ikanyoka. Mdogo wangu hakunyosha. Hakupinga pia. Alitoka kabla ya wengine akaenda nyumbani.

Nilikasirika. Nilimfuata nikiwa na hotuba nzima kichwani, si mnanijua. Nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua jembe kwa majani na maji. Si letu. Mpini wake ulikuwa mrefu, wa kwao. Jirani alilisahau siku ya mazishi, au aliona haya kurudi kulichukua. Mdogo wangu alilisugua mpaka chuma kikang'aa. Aliingia ndani, akatoka na kopo la mama, lile la juu ya kabati. Alifunua, akatazama chumvi iliyobaki, kama nusu, akafunika.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kurudisha jembe la watu."

Tangu apoteze jicho alikuwa hajavuka kijito kile. Alikunja suruali, akaweka jembe begani, kopo akalikumbatia kifuani lisilowe. Mimi hotuba yangu yote ilipotea. Nilisimama pale ukingoni, nikamwona anapapasa kwa mguu akitafuta jiwe la kukanyaga, kwa sababu upande wa kushoto haoni. Alipofika katikati nilimwita nikamwambia asisahau kurudi na kopo.